Pupa Hana Pupa

Neno letu lina mzaha:
pupa ni yule aliyejifunga, akatulia,
na pupa ni haraka ya mwenye njaa.
Nilimfuga yule kwa hii.

Mlaleo, nyuma ya jikoni, mdimu mmoja,
viwavi waliofanana na mavi ya ndege hadi walipogeuka kijani,
kreti ya soda niliyoivisha chandarua kuukuu,
na vijiti sitini. Sitini na viwili, asema Mwinyihaji;
mwanangu huhesabu hata vilivyoanguka.
Mnunuzi alitaka wazima tu, rangi ya jani,
Ijumaa kabla ya adhuhuri,
kila mmoja ndani ya pamba, kama yai.

Jumatatu mmoja alikuwa na doa.
Nikasema, kivuli.
Kesho yake doa lilikuwa limeshuka tumboni.
Nikasema, labda ndizo mbawa, zaanza kuonekana.
Mbawa! Mbawa huja na michoro yake,
huonekana kama kanga ndani ya mfuko wa nailoni.
Huu ulikuwa weusi usio na pindo wala jina.

Nilimgusa, akapasuka.
Maji ya kahawia, harufu ya pweza aliyesahauliwa juani,
yakanitiririka hadi kiwikoni,
nami kwa kidole kilekile
nikamgusa jirani yake nione kama angali akitikisika.
Akatikisika. Nikasema alhamdulillahi.
Nikamgusa wa tatu.

Hapa ndipo ilipo aibu yangu, nisiirukie.
Miaka kumi na minne nimefagia wodi,
nimepanguza vitanda vya kipindupindu,
najua klorini hupimwa kwa kifuniko gani,
najua mkono ni nini.
Na nyumbani kwangu mkono ukawa kivuko,
maradhi yakapita bure
kama mtu wa miguu kule Likoni.

Kufika Alhamisi, weusi hamsini na kitu.
Uzi waliojifunga kiunoni kwa usalama
ndio uliowazuia kuanguka wakiwa wameshakufa.
Nilichoma vijiti. Nilichemsha koleo ya nyusi.
Nikafua chandarua kwa jiki mpaka machozi yakanitoka
(ni jiki, nilimwambia mtoto).
Wagonjwa nikawatia mkebe wa maziwa ya unga,
nikawamiminia mafuta ya taa, na kiberiti.
Hawakulia. Hilo ndilo gumu.
Kuku akishikwa na kideri hukuarifu,
husinzia, hupinda shingo, hukupa nafasi ya kumchukia.

Walibaki wanane, waliojifunga wa mwisho.
Nikamwomba mnunuzi wiki moja.
Nikanawa kabla ya kuwatazama, nikanawa baada ya kuwatazama.
Mmoja akageuka rangi ya biskuti, mkavu, hatikisiki;
nikasema ameiva,
nikamtenga ndani ya gilasi, kitambaa juu.

"Mama, kipepeo wako ana tundu."

Tundu la ncha ya sindano.
Akatoka nyigu, mdogo kuliko punje ya ufuta,
kijani kinachometa kama kucha iliyopakwa rangi.
Akatoka wa pili. Kisha wakatoka kwa foleni,
kama watu mlangoni mwa msikiti
kila mmoja akitafuta viatu vyake.
Tulihesabu hadi arubaini na mmoja, tukachoka.

Kumbe mama yao alinitangulia,
ile saa ngozi ingali mbichi, haijakakamaa,
akapita pale chandarua ilipochanika,
pale nilipopaona nikasema
kesho nitapashona.

Mkebe nilikuwa nao mkononi, mafuta yamo.
Nao wamesimama kwenye ukingo wa gilasi
wakijipangusa mbawa, wageni wa dakika tano duniani,
hakuna aliyewaambia walizaliwa ndani ya nani.

"Na hawa," akauliza Mwinyihaji,
"tutawauza bei gani?"

Simu ikalia. Nilijua ni nani.
Nikaenda kutafuta sindano.